Kiti cha Mgeni wa Kulala

Mlioniacha wiki iliyopita nimesimama nyuma ya mlango wa banda, ufagio mkononi, tulieni. Sikumpiga mtu. Labda ningempiga, haya ya leo yasingetokea.

Kwa ambaye hakuwepo: mimi ni Cenzina, mke wa Oronzo tangu tukiwa na meno yote. Tunakaa Alberobello, ule upande wa Aia Piccola ambako watu bado wanaanika nguo. Mchana mji si wetu. Mabasi yanamwaga wageni asubuhi, wanajaa vichochoroni, wanapiga picha mapaa yetu ya mawe yaliyochongoka, wanapiga picha mikono yangu ikifinya orecchiette, vile vijipande vya unga vyenye umbo la sikio. Mume wangu anawauzia filimbi za udongo. Jua likilegea wanapakiwa tena, wanakwenda zao Bari.

Kichochoro chetu kina desturi yake. Mchana wanawake tunakaa nje, lakini viti vinaangalia ukuta, migongo kwa watu. Basi la mwisho likiteremka kilima, tunavigeuza. Hapo wanaume nao wanatoka na vyao. Kila mtu ana kiti chake na hakuna anayekalia cha mwenzake. Changu kiko kushoto kwa Oronzo. Mchana namgawa kwa dunia nzima. Jioni ni wangu peke yangu.

Ndipo binti yetu Rosaria akatushauri tupangishe chumba cha marehemu mama mkwe. Akaja mwanamke mmoja wa Torino, Ludovica, shingo ndefu, viatu visivyo na kelele. Alisema atalala usiku mmoja tu, auone mji watu wakishaondoka. Wiki ya tatu hii.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nilimpa shuka safi, naye akanilipa kwa kucheka na mume wangu.

Oronzo akaanza kunyoa ndevu kila siku. Akaanza kuimba bafuni. Wiki iliyopita nikamfuata bandani, na kwa upenyo wa mlango nikaona. Alikuwa anawamba kiti kwa mafunjo, kiti kile cha zamani kilichoning'inia juu darini miaka yote, ambacho mama mkwe alisema ni cha marehemu fulani. Ludovica alikuwa amekaa chini, anampa majani moja moja. Nikamsikia mume wangu kwa masikio yangu haya:

"Jumamosi basi la mwisho likiondoka, kitakuwa nje. Kando yangu."

Kumpa mtu kiti kichochoroni kwetu ni kumfanya wa kwetu. Na kando ya Oronzo kuna pande mbili tu. Upande wa kulia ni mlango.

Sasa endeleeni nami.

Sikuingia bandani. Nilirudi jikoni, nikapika mbaazi na mboga chungu, nikamngoja mezani. Alikuja ananuka tope la mtoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Bandani. Natafuta msumeno."

"Umeupata?"

"Bado."

"Wiki nzima?"

"Ni msumeno mdogo, Cenzina."

Akala sahani mbili. Mtu mwenye hatia hali sahani mbili, nikawaza, isipokuwa akiwa mwanamume. Mimi sikumeza kitu.

"Huyo mgeni wako anaondoka lini?" nikamuuliza.

"Si mgeni wangu. Ni mgeni wetu."

"Anaondoka lini?"

"Mtu ametulia, anapenda kimya. Anakukera nini?"

"Kimya kipo hata makaburini. Aende akapangishe huko."

Oronzo akafuta mdomo, akanitazama kama mtu anayetaka kusema neno. Kisha akasema mbaazi zilikuwa nzuri.

Jumamosi ikafika. Asubuhi mume wangu alivaa shati la sikukuu, lile la maandamano ya Watakatifu Cosma na Damiano, akasema anakwenda kwa kinyozi.

"Kinyozi tena? Jana umenyoa."

"Nyuma ya shingo sijioni."

"Na nani ataiangalia hiyo nyuma ya shingo?"

Akaenda, anatembea kama kijana aliyenunuliwa viatu.

Nikabaki na unga wangu na kiti changu kinaangalia ukuta. Kando yangu alikuwa shoga yangu Tetta wa mlango wa pili, mwanamke ambaye mdomo wake hauna pazia. Nyuma yetu wageni walikuwa wanapita kama kondoo wa mnada.

"Mumeo kapendeza," Tetta akasema bila kugeuka.

"Nimeona."

"Harusi ya nani?"

"Tetta, leo niache."

"Nakuuliza tu, shoga. Mwanaume wa umri ule akianza kusugua kucha, ama anakwenda hospitali ama anakwenda kwingine."

Ilikuwa utani. Lakini utani ukiingia penye kidonda hauna tofauti na chumvi. Nikasimama, nikafuta mikono, nikaingia bandani.

Kiti kilikuwa kimekwisha. Na kilikuwa kizuri, wenzangu, hapo ndipo wivu uliponipanda mpaka nikaona giza. Changu amekiwamba mara tatu katika ndoa yetu, kila mara kwa mistari ya kawaida. Hiki alikitia nyota katikati. Sikujua kama anajua kuwamba nyota. Miaka yote hii nimekalia mistari.

Nilikinyanyua. Kwenye mguu wa nyuma vidole vyangu viliangukia vishimo vishimo, kama mbwa alipata kuutafuna zamani. Nikakitoa nje.

Nikakiweka katikati ya njia, uso kwa watu, mchana kweupe.

Tetta aligeuka mzima mzima. "Cenzina, umepatwa na nini? Kiti kinaangalia wageni?"

"Kiangalie. Si kinawapenda wageni?"

Haikupita muda, wakasimama mke na mume, weupe waliochomwa na jua hadi wamekuwa kama pilipili. Mke akakigusa. Akakaa, akanyanyuka, akakaa tena. Mume akapiga picha. Nikawaambia kwa mikono: chukueni. Hawakuelewa. Nikakinyanyua, nikamtwika yule bwana mikononi.

Akatoa pochi. Nikaifunga pochi yake kwa mkono wangu mwenyewe.

"Bure," nikamwambia. "Nenda nacho mbali."

Walinishukuru kwa lugha yao mpaka wakachoka. Yule bwana akakiweka kichwani, miguu ya kiti juu kama pembe, wakateremka kuelekea kwenye mabasi. Kiongozi wao alikuwa mbele na mwavuli wake wa njano.

Nitasema kweli: nilisikia raha. Raha ya kukuna upele. Nikarudi kwenye unga wangu, nikafinya orecchiette ndogo kuliko zote nilizowahi kufinya.

Tetta akatikisa kichwa. "Kile kiti kilikuwa cha nani?"

"Cha mgeni wa kulala."

"Na wewe ulikuja hapa kutoka wapi, kama si kwa basi la Locorotondo? Hata wewe ulikuwa mgeni wa kulala, ukalala moja kwa moja."

"Mimi nililetwa na ndoa."

"Kila mtu analetwa na kitu," akasema, akarudi kwenye sindano zake za kufuma.

Alasiri Ludovica akatoka chumbani. Kavaa gauni la buluu, nywele kazibana, mkononi ana koti jepesi la mtu mwingine. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye sikukuu.

"Bi Cenzina, Oronzo hajarudi?"

Akamwita jina tupu, bila hata "mzee".

"Yuko kwa kinyozi. Anajipamba kwa ajili yako."

Akacheka. Akadhani natania. "Basi na kiti ameshakimaliza? Niliahidi nitakitoa nje mimi mwenyewe, asihangaike na mgongo wake."

Sijui kwenu, lakini kwetu mwanamke hamwambii mke wa mtu habari za mgongo wa mumewe. Nikasimama na kisu changu cha unga.

"Sikiliza, binti. Mchana huu mji ni wa kila mtu, nimekubali. Mkanyage, mpige picha, mnunue filimbi. Lakini basi la mwisho likiondoka, kilichobaki ni chetu. Wewe umebaki. Umelala kitandani kwa mama mkwe wangu, umekula mkate wangu, sasa unataka kukaa kando ya mume wangu. Hutakaa. Kiti nimekitoa. Kimeondoka na watalii."

Ludovica akawa mweupe kama ukuta ulio nyuma yake.

"Umekitoa kiti?"

"Kwa mikono yangu."

"Bi Cenzina, kiti si changu." Alikaa chini pale pale, kwenye kizingiti. "Kiti ni cha mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Amezaliwa kichochoro hiki, nyumba ile yenye mlango wa kijani. Macho yake yanazimika. Daktari amesema mwisho wa mwaka hataona kitu. Ameniomba jambo moja tu: akae jioni moja kwenye kiti chake, watu wakiwa wameondoka, asikie viti vikigeuzwa. Mimi nilikuja kutazama kama bado mnavigeuza. Usiku wa kwanza nilivisikia, nikalia. Nikamuuliza Oronzo kama kiti bado kipo. Akasema hakiwezi kusimama, nimpe wiki tatu."

Sindano za Tetta zilikuwa zimenyamaza.

"Mama yako anaitwa nani?" nikauliza.

"Palma."

Jina hilo halikuwahi kutajwa mbele yangu kichochoroni tangu niolewe. Palma ndiye aliyekuwa amechumbiwa na Oronzo kabla yangu. Shuka zilishadariziwa herufi zao mbili. Kisha baba yake akapata kazi kiwandani Torino, akaihamisha nyumba nzima, na uchumba ukafa kwa umbali. Msichana alipoondoka alikiacha kiti chake, kama kila anayeondoka hapa. Mama mkwe aliposema kiti ni cha marehemu, alinidanganya kwa makusudi. Alitaka Palma awe kwangu kama amekufa.

Tetta akaniinamia sikioni. "Usianze kuhesabu, shoga. Palma alimpata mumewe miaka kumi baadaye. Huyu binti ana pua ya Torino."

Sikuwa nahesabu. Nilikuwa nafikiria nyota. Ile nyota hakumwambia mtu ataiweka. Vidole vyake viliikumbuka vyenyewe, kwa ajili ya Palma. Wivu ambao asubuhi ulikuwa na shingo ndefu na viatu vya kimya sasa ulikuwa na uso nisioujua kabisa.

"Anakuja lini?" nikauliza.

"Leo. Treni inafika jioni hii. Ndiyo nakwenda kumpokea."

Hasira hasara, walisema wakubwa, na mimi nilikuwa nimeshapata zote mbili. Nikatupa kisu, nikakimbia.

Nilikimbia na kandambili zangu, aproni imejaa unga, naporomoka kilima kizima huku wageni wananipisha na wengine wananipiga picha. Mabasi yalikuwa yanaunguruma. Nikatafuta mwavuli wa njano. Nikauona unafungwa na kuingizwa kwenye basi.

"Subirini," nikamwambia dereva, nikipiga mlango kwa kiganja. "Kuna kiti changu humo."

Akashusha kioo. "Mama, viti vyote vimejaa."

"Si cha kukaa. Yaani cha kukaa, lakini cha kwangu. Cha majani."

"Mama, ndege yao inaondoka leo. Sogea nisikukanyage."

Basi likazunguka. Kwenye dirisha la nyuma nikakiona, kimegeuzwa juu chini kati ya mabegi, miguu minne hewani. Yule mama mwekundu alinitambua. Akanipungia mkono kwa furaha yote. Sikuweza hata kumtukana.

Nilipopanda tena, kichochoro kilikuwa kimebaki na watu wake. Nikasikia miguu ya viti ikikwaruza mawe, mmoja baada ya mwingine, vinageuzwa. Sauti hiyo huwa ndiyo raha ya siku yangu. Jana yake ningeinywa kama maji.

Oronzo alikuwa mlangoni pa banda, shingo imenyolewa, mikono mitupu.

"Kiti kiko wapi?"

"Nimekitoa."

"Kwa nani?"

"Simjui. Mtu mwekundu."

Akafumba macho. "Cenzina."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ni cha Palma, ungefanya nini?"

Sikutaka kuongeza uongo juu ya yale. "Ningekichoma."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sikusema hivyo."

"Mimi umeniwambia mistari, Oronzo. Miaka yote mistari. Yeye umempa nyota."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya wale weupe wa kwenye basi. "Kile kiti kilikuwa na nyota tangu mwanzo," akasema taratibu. "Baba yake ndiye aliyeiwamba. Nilifuata matundu tu."

Sikumwamini. Nilitaka sana kumwamini, na kwa sababu nilitaka sana, sikumwamini. Ndivyo wivu unavyokula na mtu sahani moja.

Nilikuwa sijafungua mdomo kumjibu, Tetta akakohoa. Kile kikohozi chake cha kuonya.

Walikuwa wanakuja. Ludovica amemshika mkono mwanamke mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mvulana, fimbo mkononi. Alikuwa anatembea bila kuangalia chini. Miguu yake ilijua lile jiwe lililotokeza mbele ya mlango wa Tetta, aliliruka. Mimi mpaka leo hujikwaa hapo.

Wanawake wote walisimama. Palma akasimama pia, akainua uso kama anayenusa.

"Wamekwenda?" akauliza.

"Wamekwenda, mama," Ludovica akasema. Alinitazama mimi, macho yamejaa. Hakuwa amemwambia.

"Tetta, ni wewe unakohoa hivyo? Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe, mshenzi," Tetta akasema, na sauti ikamkatika.

"Na Oronzo yuko wapi?"

Mume wangu akapiga hatua moja mbele. "Nipo hapa, Palma."

Hakumshika mkono. Nilikuwa naangalia mikono yake, si uso. Mikono ilibaki mapajani, inafinya pindo la shati la sikukuu, na mimi nilitamani iwe ni kwa sababu ya kiti.

"Binti yangu ananiambia umekitengeneza."

Nilimwona Oronzo anatafuta pa kuweka macho. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na viti viwili, kama jioni zote. Chake, na cha kushoto kwake.

Ningeweza kusema. Badala yake nilirudi nyuma hatua moja, nikasimama mbali na kiti changu.

Oronzo aliona. Akamshika Palma kiwiko, akamwongoza, akamkalisha kushoto kwake. Kisha akaketi mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona mume wangu jioni kutoka mbele, kama wanavyomwona watu wengine. Alikuwa amezeeka, na alikuwa bado wa kutamanika, na kando yake alikuwapo mwanamke mwingine.

Palma akashusha pumzi ndefu. Akapitisha kiganja kwenye majani ya kiti, pembeni ya paja lake, taratibu, kwenda na kurudi.

"Umekiwamba vizuri," akasema.

"Ahsante."

"Ndicho kile kile?"

Nilimwomba Mungu amnyamazishe mume wangu. Nilimwomba Mungu amfanye aseme ndiyo. Sijui niliomba lipi kwanza.

"Ndicho kile kile, Palma," Oronzo akasema. Mume wangu, ambaye hata uongo wa msumeno hajui kuusema vizuri, alimdanganya Palma sauti imetulia kabisa. Na mimi, nisiyekuwa na haki yoyote siku hiyo, niliona wivu hata kwa uongo ule.

Palma akatabasamu. Mkono wake ukaacha majani, ukateremka kwenye mguu wa nyuma wa kiti. Ukashuka mpaka chini. Ukapanda. Ukashuka tena, unatafuta vishimo vya meno ya mbwa wa utoto wake kwenye mti laini ambao sijawahi kuacha mbwa ausogelee.

Mkono ukasimama.

Tabasamu halikuondoka usoni, ila lilibadilika, likawa la mtu mzima. Akageuza kichwa, si kwa Oronzo, si kwa binti yake. Aliyageuza yale macho yanayozimika mpaka yakaja pale nilipokuwa nimesimama na aproni yangu ya unga, kama aliyenisikia ninavyohema.

"Oronzo," akasema, na kichochoro kizima kikamsikia, "mwenye kiti hiki mbona umemwacha amesimama?"